Kushika si kulisha: udongo, mionzi na yale tunayoambizana

Dhana iliyonichosha kuliko zote ni hii: "Mfinyanzi unashika mionzi, kwa hiyo mazao yake ni hatari. Limeni kwenye kichanga, chenyewe kinapitisha." Nimeisikia kwa wakulima, kwa wanafunzi, na juzi kwa afisa ugani, mtu ambaye kijiji kizima kinamsikiliza. Kwa sesiamu-137, kitu chenye mionzi kinachomwagika kwenye ajali za nyuklia, ukweli ni kinyume chake.

Mzizi haunyonyi kilichofungwa ndani ya chembe ya udongo. Unanyonya kilichoyeyuka kwenye maji yanayoizunguka. Mfinyanzi wenye madini ya jamii ya mika una matabaka kama kurasa za kitabu kikuukuu, zilizofumuka pembeni. Sesiamu hupenya kwenye mifumuko ile, hukaa mahali pa potasiamu, kisha matabaka huifunga. Ukipitisha kipima mionzi juu ya shamba hilo kitalia, lakini mahindi yatapata kidogo sana.

Waulize wafugaji wa Wales na Cumbria. Juni 1986, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, serikali ya Uingereza ilizuia kondoo wa milimani wasiuzwe, ikasema ni kwa wiki tatu. Makadirio yale yalitegemea tabia ya udongo wa mfinyanzi. Milima yenyewe ina udongo mweusi wa kinamasi, mchachu, karibu wote mboji isiyooza vizuri, na humo sesiamu haina pa kufungwa. Ikapanda kwenye majani, kondoo wakala, ikatoka na kinyesi, ikarudi kwenye majani. Zuio la mwisho liliondolewa 2012.

Tena si kila mfinyanzi una nguvu hiyo. Udongo wetu mwekundu wenye kaolini, aina nyingine ya madini ya mfinyanzi, una mifumuko michache. Ukiulowesha na kuusokota kati ya vidole ukatoa uzi mrefu, umejua ni mfinyanzi, hujajua ni mfinyanzi gani. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kuuliza kiasi cha mionzi, pima potasiamu, pH (kiwango cha uchachu) na mboji. Fukushima, Japani, baada ya ajali ya nyuklia ya 2011, wakulima wa mpunga waliongeza potasiamu shambani ili mzizi uichukue hiyo badala ya sesiamu, na mchele ukapungua mionzi. Na usimwage SA (mbolea ya salfeti ya amonia) kiholela kwenye shamba la namna hiyo, kwa sababu amonia huisukuma sesiamu itoke ilikojibana.

"Mvua itaosha yote." Haioshi. Kule Fukushima walikwangua sentimita 5 tu za juu, maana sesiamu ilikuwa bado imekaa hapo. Kwenye mteremko mvua huihamisha pamoja na udongo wenyewe, ikaishia bondeni kwa jirani.

"Dawa ni moja kwa mionzi yote." Strontiamu-90, nayo ina mionzi, hufuata njia ya kalsiamu na hutembea kwa urahisi zaidi. Kwenye udongo mchachu, iwekee chokaa.

"Urani ikiwepo ardhini, lazima iko kisimani." Hili huulizwa sana Bahi na Namtumbo, wilaya za Tanzania zenye urani ardhini, na wanaouliza wana haki ya kujibiwa vizuri. Maji yenye hewa na magadi huiyeyusha urani na kuibeba. Yakifika mahali pasipo na hewa, penye mabaki ya mimea, urani huganda na kubaki hapo. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa. Pimeni kila kisima, na mpime tena baada ya masika.