Pumu: hofu ya pampu na vidonge visivyotosha

Katika kliniki ya magonjwa ya kifua, hofu ninayokutana nayo mara nyingi ni ile ya dawa ya kuvuta: kwamba humzoesha mgonjwa, au kwamba ukishapewa pampu ujue ugonjwa umefika pabaya. Haina msingi, na inaumiza watu, kwa sababu huwarudisha kwenye vidonge vya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa sawa na mipulizo 40 ya pampu ya mikrogramu 100, na kwa kuwa hupitia tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kifuani, nafuu huchelewa huku mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio.

Hata ikivutwa, salbutamol hulegeza tu misuli iliyobana njia za hewa, kwa saa 4 hadi 6. Kiini cha pumu ni uvimbe ndani ya njia hizo, unaozifanya zishtuke kwa moshi wa mkaa, vumbi, mafua, mende, na kwa wenzetu wa pwani, udi na ubani unaofukizwa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Uvimbe huo hutulizwa na steroidi za kuvuta, kama beklometasoni, ambazo kwa kawaida hutumiwa kila siku hata mgonjwa anapojiona mzima, naye asukutue mdomo kila amalizapo. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa kukabiliana na pumu, haupendekezi kuwatibu watu wazima na vijana kwa salbutamol peke yake.

Si kila anayehema ana pumu. Anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala chali, namchunguza moyo. Anayekohoa zaidi ya wiki 2 huku akikonda na kutokwa jasho usiku, napima makohozi yake kwa kifua kikuu. Pumu huja na kuondoka, hutoa mlio wa mluzi kifuani, na hupenda kuamsha watu alfajiri.

Kwa mtoto, pampu ikiwekwa mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi huishia kooni. Chupa safi ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu linaloikaza pampu barabara, huku mtoto akivuta dawa kupitia mdomo wa chupa, hufanya kazi vizuri, kama utafiti wa Afrika Kusini ulivyothibitisha.

Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au ambaye midomo yake inageuka buluu, akimbizwe hospitali. Njiani apewe mipulizo 4 hadi 10 ya salbutamol, mmoja mmoja, ikirudiwa kila dakika 20 mpaka apokelewe.