Afisa Elimu wa Wilaya hafukuzi walimu: jua lalamiko lako linapelekwa wapi

Januari ikifika, mabenchi nje ya ofisi ya Afisa Elimu wa Wilaya hujaa kabla ya saa mbili asubuhi. Huyu ameshika karatasi ya michango iliyokunjwa mara nne, yule anataka mwalimu wa hisabati aondolewe leo hii. Ndani simu inaita: diwani anaulizia madawati. Kwa kuwa malalamiko mengi yanamfikia mtu asiye na mamlaka nayo, tumeona tutoe ufafanuzi.

Afisa Elimu hamfukuzi mwalimu kazi. Hili limesemwa sana, na bado linadaiwa kwake kila wiki, hata kwenye makundi ya WhatsApp. Nidhamu ya walimu wa serikali ipo chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Makosa mepesi humalizwa na mkuu wa shule. Makosa mazito huenda Tume ngazi ya wilaya: mwalimu huandikiwa hati ya mashtaka, hupewa muda wa kujibu kwa maandishi, uchunguzi hufanyika, ndipo uamuzi hutolewa. Adhabu inaweza kuwa kushushwa cheo, kupunguzwa mshahara au kufukuzwa. Asiyeridhika hukata rufaa. Hatua hizi hazirukwi kwa sababu mzazi amekasirika, hata kama hasira yake ina haki.

Kuhusu michango, elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, Serikali iliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Sare na madaftari vilibaki kwa mzazi. Mchango wa hiari unaruhusiwa kwa kufuata taratibu, lakini mtoto harudishwi nyumbani kwa kutochanga. Akirudishwa, anza kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata, na usipopata jibu, njoo wilayani. Andika barua, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Wengi huja mikono mitupu, na lalamiko la mdomo ni gumu kufuatilia.

Lipo shinikizo lisilo na kelele, nalo ndilo zito kuliko yote. Binti amepewa mimba, na jioni wanakuja wazee wa pande zote mbili, kwa heshima na salamu ndefu, kumwomba Afisa Elimu "asilikuze jambo" kwa kuwa familia zimeshaelewana. Hapo hakuna cha kuelewana. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Shauri kama hilo halipitii kamati ya shule wala kata. Linakwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, siku ileile. Na binti, tangu waraka wa Novemba 2021, ana haki ya kurudi darasani baada ya kujifungua. Mzazi, tafadhali mrudishe.