Je, wajua kwanini wapiga upinde hufumba macho mazoezini?

Ukimkuta mtu amesimama hatua tatu tu kutoka kwenye shabaha, amevuta upinde, halafu anafumba macho ndo anaachia mshale, utadhani anatania. Hatanii, hayo ndo mazoezi yenyewe, na mara nyingi hata ile karatasi yenye duara za rangi inatolewa kabisa. Sasa anajifunza nini na hakuna cha kulenga?

Tupige hesabu kidogo. Kwenye Olimpiki wanapiga kutoka mita 70, na duara la pointi 10 lina upana wa sentimita 12.2, ukubwa wa kisosi tu. Mshale chukulia una urefu wa sentimita 70. Mbele pakitulia lakini mkono wa nyuma ukasogea pembeni milimita 1, kosa linafika kule likiwa limekua mara 100, sentimita 10 hizo, na we kutoka katikati ya duara una sita tu za kuchezea. Jicho litaionaje milimita iliyo chini ya kidevu chako mwenyewe? Na ukishaachia ndo basi, mshale unatoka kwenye uzi haraka kuliko ubongo unavyoweza kupata habari na kurekebisha.

Hapo ndo inaingia hisi ambayo wengi hatuizungumzii kabisa, ile inayokuwezesha kugusa pua yako gizani. Ndani ya misuli na viungo kuna vipokezi vinavyoupa ubongo taarifa muda wote mkono uko wapi na umekaza kiasi gani, ila macho yakiwa kazini habari zao zinafunikwa, unakuwa unaangalia ile rangi ya njano ya katikati ya shabaha tu. Ukifumba unaanza kusikia vitu: bega la mkono wa upinde limepanda kuelekea sikioni, uzi leo haujagusa pua pale pale pa jana, uzito wote umebebwa na mkono wakati ulitakiwa kubebwa na mgongo, pale mifupa bapa ya mabega inapokaribiana. Mimi nilichogundua ni kwamba nilikuwa nabana mpini kama nimeshika nyundo, kumbe upinde unatakiwa uegemee tu pale chini ya kidole gumba, vidole vimelegea.

Mfano mzuri ni Im Dong-hyun wa Korea Kusini. Jicho lake la kushoto lilikuwa na uoni wa 20/200, hafifu kweli, lakini London 2012 alipiga mishale 72 akapata pointi 699 kati ya 720, rekodi ya dunia wakati ule. Shabaha aliiona kama rangi zilizochanganyikana.

Ukitaka kujaribu, lenga kwanza macho yakiwa wazi ndo ufumbe, na mtu asiwe karibu na shabaha. Usiachie uzi bila mshale, upinde unaweza kupasuka. Mishale 30 kwa umakini inatosha, misuli ikianza kutetemeka acha, maana ukilazimisha unaufundisha mwili ule mkao wa uchovu na utaukariri vizuri tu. Karatasi ukiirudisha usikimbilie mita 70, sogea kidogo kidogo, na siku utakayojikuta unabana mpini tena sababu umeiona njano, rudi pale pale hatua tatu kutoka kwenye shabaha.