Taya la pitbull halina kufuli
Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ukidai taya la mbwa aina ya pitbull hujifunga, kwamba akishauma hawezi kuachia hata akitaka. Si kweli. Kiungo cha taya lake, mbele kidogo ya sikio, kimeumbwa kama cha mbwa wengine. Mtazame akitafuna mfupa: anauma, anaachia, anauma tena.

Watu wanachanganywa na asili yake. Huko Uingereza, karne ya 19, buldogi, mbwa aliyefugwa kung'ang'ania fahali, alipandanishwa na teria, mbwa muuaji wa panya. Kupambanisha mbwa na fahali kulipigwa marufuku mwaka 1835. Wapenzi wa mchezo huo wakageukia kupambanisha mbwa kwa mbwa, wakizalisha wale wasioachia upesi. Hiyo ni tabia, siyo kufuli. Anaweza kujeruhi vibaya, kwa hiyo tahadhari ni lazima, lakini ujumbe huo tafadhali usiusambaze.