"Sijala Hela ya Mtu": Dhana Potofu Kuhusu Mafunzo ya Maadili kwa Madiwani na Watendaji

Kila ninapofundisha maadili kwa viongozi wa serikali za mitaa, sijamaliza hata utangulizi mkono unanyooshwa: "Mwalimu, mimi sijala hela ya mtu. Mgongano wa maslahi unanihusu nini?"

Unakuhusu sana. Rushwa ni tendo. Mgongano wa maslahi ni hali unayojikuta ndani yake: maslahi yako au ya ndugu yako yanavutana na wajibu wako wa umma. Shemeji yako akiomba zabuni ya barabara nawe umo kwenye kamati inayoamua, mgongano umeshakuwepo, hata kama hamjasemezana mwaka mzima, hata kama bei yake ndiyo ya chini kuliko zote. Hapo bado hujakosa. Unakosa pale unaponyamaza.

Wengine hutangaza maslahi yao, kisha wanabaki wameketi kikaoni. Hili linanichosha kuliko yote. Mmoja alinieleza kwa fahari kwamba alitaja undugu wake na mkandarasi, akakaa kimya kitini hadi kura ikapigwa. Huko si kujitoa! Nani ataikosoa bei ya shemeji yako huku unamtazama usoni? Toka nje, mlango ufungwe. Na katibu aandike kwenye muhtasari: ametangaza maslahi, ametoka saa 4:20, kura imepigwa akiwa nje, amerudi saa 4:45. Mkaguzi akija kufungua jalada baada ya miaka mitano, mstari huo ndio utakaokutetea. Kumbukumbu ya mdomo haitakusaidia.

"Mimi ni diwani tu, maadili ni ya wakubwa." Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003 unamtambua afisa wa umma bila kujali cheo, awe amechaguliwa au ameteuliwa, analipwa au halipwi.

"Zawadi ndogo haina neno." Usiangalie ukubwa wake tu. Jiulize aliyeileta ana faili gani mezani kwako, kisha iandikishe siku hiyohiyo.

"Mwanasheria alishapitisha." Mwanasheria hujibu alichoulizwa. Ukimficha undugu, ushauri wake haukukingi.

"Nilishahudhuria mafunzo haya." Ndiyo, ulipokuwa mjumbe wa kawaida. Leo unaongoza kamati, na mwanao amefungua kampuni ya ujenzi. Safari hii njoo na orodha ya ndugu na washirika wako wote wanaofanya biashara na halmashauri, tutaanzia hapo.