Saikolojia ya michezo si tiba ya wendawazimu
Kijana wa Kampala akisema anataka kusomea saikolojia ya michezo chuo kikuu, wengi hudhani anakwenda kutibu wachezaji waliorukwa na akili. Dhana hiyo ni ya zamani, nayo si kweli.

Mwaka 1898 Mmarekani Norman Triplett alichunguza kwa nini waendesha baiskeli huenda kasi zaidi wakishindana kuliko wakiwa peke yao. Walikuwa watu timamu kabisa. Hadi leo mwanafunzi husoma mambo ya aina hiyo: umakini, woga kabla ya mechi, kurejea uwanjani baada ya jeraha. Na takwimu pia, tena nyingi.

Mkumbuke Joshua Cheptegei, mwanariadha wa Uganda. Machi 2017, pale Kololo jijini Kampala, mbele ya watu wa nyumbani, aliongoza mbio za nyika za dunia, kisha akaishiwa nguvu mzunguko wa mwisho na kumaliza wa 30. Agosti hiyohiyo akatwaa medali ya fedha ya mita 10,000 London. Kugawa nguvu huku umati ukikushangilia, na kuinuka baada ya siku kama ile, ndiyo maswali hasa ya somo hili. Mchezaji mwenye sonona huelekezwa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Hiyo ni taaluma nyingine.