Je, wajua? Mgonjwa huamka kwenye nusukaputi dawa ikiwa bado tele mwilini

Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliyepigwa nusukaputi huamka kwa sababu ini limeshaivunja dawa yote. Imeingia, imefanya kazi, imekwisha, macho yakafumbuka. Hesabu nzuri, ila si ya kweli.

Chukua thiopentali, unga wa manjano unaoyeyushwa na kudungwa mshipani, ulioanza kutumika 1934 nchini Marekani. (Wapo wanaosikia ladha ya kitunguu saumu mdomoni sekunde chache kabla ya kulala.) Sindano moja humlaza mtu ndani ya dakika moja hivi, na asipoongezewa kitu huanza kuzinduka baada ya dakika 5 hadi 10. Ini, kwa upande wake, huhitaji zaidi ya saa 10 kuipunguza dawa hiyo kwa nusu tu. Sasa nani kamwamsha?

Fikiria nyumba ya harusi. Basi linashusha wageni 100 kwa mkupuo, nao wanajazana sebuleni kwa kuwa mlango mkubwa unaelekea huko. Sebule ndiyo ubongo: mdogo, asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, lakini hupelekewa damu nyingi mno. Punde wageni wanagundua kuwa uani kuna nafasi, wanasogea huko. Ukichungulia dirishani utasema wameondoka, kumbe wote wapo wanasubiri pilau. Wageni ni dawa, na ua ni misuli. Getini kuna mzee mmoja anayeaga wageni mmoja mmoja, bila haraka: huyo ndiye ini.

Hata wataalamu walipotea njia hapa. Kwa kuwa dawa hii hupenda mafuta, mwanzoni waliyataja mafuta ya mwili kuwa ndiyo yanayoifyonza. Lakini mafuta hupata damu kidogo. Ni stoo ya nyuma yenye ujia mwembamba. Mwaka 1960 Henry Price na wenzake walionyesha kwamba misuli hutangulia, mafuta hufuata baadaye sana. Na mzee wa getini asidharauliwe kabisa: ni kwa kiasi gani huchangia katika dakika zile za mwanzo, hesabu za watafiti hazikulingana.

Ukimdunga mgonjwa tena na tena, ua hujaa. Wa sebuleni hawana pa kwenda, na kuamka kunamsubiri yule mzee. Propofoli, dawa nyingine ya nusukaputi, ile nyeupe kama maziwa iliyoingia sokoni 1986, nayo huanza kwa kuwahamishia wageni uani, ila getini kwake wazee ni wengi, tena wana haraka.